Vazeline ya Bibi Arusi

Marafiki, leo kidogo tu dada yangu aolewe barabarani hapa Rwambuzi! 😅

Pasta anangoya kanisani, gari ya bibi arusi inakatala kuwaka. Bamama na vitenge vyao bakaisukuma na nyimbo mpaka kona.

Ndiyo shofere anasema: «Pardon bamama, hii ni automatike. Haiwakake kwa kuisukuma.»

Na alikuwa anatuangalia tu!

Mama yangu akafungua kapo, kifuniko cha injini. Vichwa vya batri iko kutu nyeupe tupu. Shofere akatosha waya ku batri, mama akamwanga juu yake maji ya moto na bikarbonate yake ya kupikia maharagi, vyote kutoka jikoni yake. Povu! Bamama bakakimbia.

Mama akapangusa, akarudisha waya, akapaka vazeline juu ili kutu isirudie.

Ikawaka! Vigelegele!

Vazeline ilitoka mu sakoshi, mukoba ya dada, na yote ikaishia ku batri. Alisema «ndiyo» na midomo mikavu, lakini alisema. 🙏