Ndoo Yenye Kifuniko

Shule miye niliiachia njiani, na ndiyo sababu nilipewa cheo. Bosi, mwenye duka la simu hapa Overport, alisema mbele ya wateja: "Huyu akielewa hiyo kompyuta, Durban nzima itaelewa." Watu wakacheka. Na miye nikacheka, ningefanya nini?

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya kugusa kioo, bosi aliitoa kwa mgahawa uliofungwa. Haikuwa na betri; ukichomoa waya, imekufa. Bosi alitaka mtu aliyevunja simu aje akae mwenyewe hapo, achague picha zake, azipeleke kwa simu mpya bila kushikwa mkono. Programu aliiandika Mtanzania mmoja, mwanafunzi wa chuo kule Westville. Kazi yangu miye: kujaribu, kukosea, na kubishana naye kuhusu sheria za kioo.

"Kioo ni kama nyumba, kaka," aliniambia. "Leo mlango uko kulia, kesho usiuhamishe."

Hiyo tulikubaliana. Kitufe cha Ndiyo kikae kulia kila ukurasa, Hapana kushoto. Cha hatari kiwe chekundu, kama robot, ile taa ya barabarani.

"Hapa Durban teksi inapita na nyekundu," nikamwambia.

"Basi naandika na maneno."

Tuligombana sana juu ya kufuta picha. Yeye alitaka kompyuta iulize kwanza: una hakika? Bosi akajaribu, akanuna. "Inauliza-uliza kama polisi wa mpaka! Toeni." Tukatoa. Pahali pake mwanafunzi akachora ndoo ndogo nzuri, na kifuniko. Picha usiyoitaka unaisukuma na kidole mpaka ndani ya ndoo. Ukigusa Maliza, zilizobaki nje zinaenda kwa simu mpya, na ndoo inamwagwa. Nilijaribu na picha zangu mwenyewe. Kutupa sura yangu hakukuniuma hata kidogo.

Jumamosi akaja mama mmoja wa kwaya, Mkongomani kama miye. Simu yake ilikuwa imeanguka kwenye maji. Mwanafunzi alifaulu kuiamsha mara moja tu, akavuta picha zote kwa kompyuta, simu ikafa moja kwa moja. Kwa hiyo picha za mume wake, marehemu, na za nyumba yao kule Fizi, Kongo, zilikuwa humo tu. Pahali pengine hakuna.

"Tusimsaidie," mwanafunzi akaninong'oneza. "Tukimsaidia hatutajua kama sheria zetu zinafanya kazi."

Tukasimama nyuma yake, mikono mgongoni, kama watoto wa katekisimu. Mama akaanza vizuri. Picha za harusi za watu, akaziacha. Sahani ya sombe, akaiacha. Akafika kwa mume. Akamwangalia, akabusu kidole chake, akamsukuma polepole ndani ya ndoo.

"Kaka," nikasema kwa sauti ya chini, "anatupa bwana yake."

"Labda waligombana."

Ikafuata nyumba. Wakafuata wazazi. Mwanafunzi akaacha kutabasamu.

"Mama, samahani, ngoja kidogo," nikasema.

"Nyie si mulisema nifanye mwenyewe? Nyamazeni!"

Kidole chake kikaanza kwenda kwa Maliza. Kumshika mkono mama wa watu katikati ya duka, hapana, sikulelewa hivyo. Nikajirusha chini ya meza, kichwa kikagonga mbao, nikachomoa waya.

Kioo kikawa cheusi.

"Eish! Umeme tena?" mama akauliza.

Mwanafunzi alikuwa ameshika kichwa. "Umefanya nini? Sijui ikizimwa ghafla inamwaga ama haimwagi!"

"Si wewe ndiyo uliiandika?"

"Niliiandika, sijawahi kuiua!"

Ikabidi tumwambie mama. Alitusikiliza mpaka mwisho.

"Nimetupa? Miye nimeweka kwa ndoo!"

"Ndoo ni ya takataka, mama," mwanafunzi akasema.

"Ya kwenu! Ile iko na kifuniko. Nani anafunikia takataka vizuri hivyo? Tulipokimbia, vyeti vilikuwa kwa ndoo ya kifuniko, picha kwa ndoo, mvua ikatupiga njia yote, hakuna kilicholowa. Hivi ninavyovipenda ndivyo niliweka humo!"

Nikabaki chini ya meza na aibu yangu. Hata kwetu tulitoka na ndoo kama hiyo, kadi yangu ya ubatizo ndani. Lakini siku nyingi kwa duka la simu zilikuwa zimenifundisha ndoo ya kompyuta ni ya kutupa. Nililetwa pale kwa sababu ya ujinga, na ujinga wenyewe ulikuwa umeshaharibika.

Nikarudisha waya. Kompyuta ikaamka polepole, kama imeombwa kwa nguvu. Mama akashika shati langu, anaomba Mungu kwa Kiswahili na Kibembe. Zikatokea harusi. Ikatokea sombe. Mume hakuwepo. Mwanafunzi akagusa ndoo, ikafunguka, na mzee alikuwa humo na koti lake, nyumba iko, wazazi wako.

Mama akalia, halafu akampiga mwanafunzi kofi la begani, si la mchezo.

"Hiyo ndoo ife," akasema.

"Na lile swali murudishe," bosi akasema toka kwa kaunta, bila kututazama.

Mwanafunzi akanyoosha kidole atoe picha. Mama akamzuia.

"Usimguse. Nitamtoa mwenyewe." Halafu akageuka kwangu. "Na wewe, toka huko chini. Simama mbali na ule waya."