Mume wangu anaenda kwa baba yangu kumposea mwanaume mwingine

Admin, jina langu libaki huko huko inboksi, maana wakwe zangu wako kwa hii peji. Nina miaka thelathini na tatu, mama wa watoto watatu, naishi Malaba na mwanaume ambaye tulianza ile ya njoo tuishi, bila mahari, miaka kumi iliyopita. Kwetu ni Funyula. Baba yangu hajawahi kumwona kwa macho.

Mume wangu alipopoteza kazi ya kupitisha mizigo hapa boda, tulilala njaa sote: sisi, mama yake na ndugu yake. Ndipo dereva mmoja wa trela, mtu wa Pwani, akapata msichana wa Amukura na hana ndugu huku wa kumsindikiza kwa wakwe. Akawaomba wajifanye watu wake, atawalipa. Mama mkwe akavaa gomesi, lile gauni la sherehe la kina mama wa huku, akawa mama mzazi, shemeji akawa mjomba, mume wangu akawa baba mdogo na msemaji. Walirudi na kuku na pesa ya unga. Madereva wakaambiana, na sasa hiyo ndiyo biashara ya familia. Mama mkwe akifika kwa watu hulia machozi kabisa, eti huyu ni kitinda mimba wangu. Vitinda mimba wake sasa ni tisa, kuanzia Mgiriama hadi Mkamba.

Nilikuwa nacheka. Kicheko kiliisha siku nilipoomba na mimi niende. Mama mkwe alinijibu bila kuniangalia, "Wewe bado hujatolewa mahari. Utakaa wapi?"

Tangu hapo kazi yangu ni kupiga pasi suti na gomesi. Wakirudi wanasimulia vile mume wangu alimsifu bibi harusi mpaka wazee wakapiga makofi, na mimi nawaonea wivu wasichana nisiowajua hata sura. Naona wivu mpaka nashindwa kula huyo kuku. Nikimuuliza zamu yetu ni lini, anasema tujipange kwanza.

Sasa mdogo wangu, yule niliyembeba mgongoni, amepata mchumba, ajenti wa mizigo hapo Busia. Kijana amekosana na watu wake, hawaji. Amewachukua nani? Hawa wangu. Jumamosi hii mume wangu atakalia kiti cha baba yangu, ale chakula cha mama yangu, aombe binti kwa niaba ya mwanaume mwingine. Mdogo wangu amenipigia akinisihi, "Dada, tafadhali usiniharibie." Nampenda, lakini wacha niseme ukweli, nimeomba mvua inyeshe siku hiyo mpaka barabara ikatike.

Jana nikipiga pasi ile suti, yeye alikuwa anafanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo. Akakwama katikati, akanigeukia, akauliza kama mtu anayetafuta chumvi, "Kwani mzee wako hupenda kuitwa aje?"

Miaka kumi, na ndiyo mara ya kwanza aniulize kitu kuhusu baba yangu. Sijamjibu mpaka sasa.

Nyinyi ambao roho zenu zimetulia, nishaurini. Nimwambie jina aende akapigiwe makofi, ama Jumamosi nitangulie Funyula, nimngojee pale mlangoni kwa baba na hawa watoto wake watatu?