Tai wa Njia ya Ubundu

Jeancy Lokuli alifundishwa kutambua ndege na baba yake, mlinzi wa reli: tazama mkia kabla ya rangi. Mkia wa mwewe umegawanyika kama wa samaki. Furukombe ana kichwa cheupe na haendi mbali na mto. Sasa Jeancy ana miaka hamsini, anakaa mtaa wa Mangobo, mjini, na watafiti wakitaka kuhesabu ndege wawindaji kando ya njia ya kwenda Ubundu humtuma yeye.

Mwezi wa Julai alifika katika kijiji kimoja akakuta kimya. Kuku wamefungiwa, milango imeegeshwa. Mbele ya nyumba moja vijana wawili walikuwa wamekaa na dumu la petroli.

Chifu, Papa Gédéon, alimweleza bila kumtazama. Jemima, mtoto wa miaka minne, aliokotwa shambani kichwa kimetobolewa. Alipelekwa hospitali mjini.

"Iko kazi ya muchawi," alisema. "Mama Fatouma. Alisema mbele ya watu kwamba mutoto atapatwa na mubaya pale. Leo tutamaliza hii maneno."

Jeancy aliomba aonyeshwe shamba. Chini ya mti mkubwa uliokuwa pembeni alikuta mifupa, fuvu la tumbili lenye matundu manne, na unyoya wenye mistari myeusi na myeupe. Juu kukasikika mlio mkali, ukipanda na kushuka. Ndege alizunguka: mabawa mapana ya mviringo, mkia mrefu, kishungi kichwani. Hakuwa mwewe wala furukombe.

Akamletea chifu fuvu lile, akaingiza vidole vyake matunduni. "Papa, kichwa ya mutoto ilikuwa hivi? Tatu mbele, moja nyuma?"

"Ilikuwa hivyo."

"Basi ni tai ya kishungi, hii matundu ni ya kucha yake. Iko na kiota juu ya ule muti. Mutoto asiende pale peke yake."

Papa Gédéon aligeuzageuza fuvu mkononi.

"Sawa, ni ndege," alisema. "Na nani aliituma?"

Jeancy alienda moja kwa moja hadi mlango wa nyumba ya Mama Fatouma, akapita kati ya wale vijana, akamshika mkono na kumpandisha kwenye pikipiki aliyokuja nayo. Hakuna aliyewazuia, wala aliyewaaga.

Njiani bibi yule alisema mara moja tu: "Miye nilikuwa naona ule ndege kila siku. Niliwaambia wachunge watoto."

Jemima alipona, ila jicho moja halioni. Mama Fatouma anaishi Mangobo kwa Jeancy.

Oktoba Jeancy alirudi kuhesabu. Nyumba ya bibi ilikuwa majivu. Kuku walikuwa nje, na watoto saba walicheza shambani bila mtu mzima, kwa sababu mchawi, wanakijiji walisema, ameondoka. Juu ya mti tai wawili walisimama kando ya kiota, na wa tatu, mchanga, mweupe kifuani, alikuwa akijaribu mabawa.

Jeancy aliacha darubini, akaanza kuwaita mama za watoto wale kwa sauti, mlango kwa mlango.