Hapana ya Kwanza

Wacha niseme mapema, asije mtu akadhani namsifu: Mumbua hakupenda picha. Tulikaa chumba kimoja mtaa wa Sparkbrook, tukavaa viatu vya kazi vya saizi moja, na katika miaka sita niliyomjua kabla hajapanda treni ya kwenda Italia, hakuwahi kuitazama picha yoyote kwa muda unaozidi wa kupiga chafya.

Tulifika Birmingham mwaka wa 1968 kusomea uuguzi, yeye akitoka Kangundo, mimi Nyamira. Tulipofuzu tukahama bweni la hospitali, tukapanga chumba cha juu nyumbani kwa Mzee Gurnam, Singasinga wa Kisumu aliyekuja na randa zake za useremala na Kiswahili chake chote. Mumbua alikuwa mtu wa kelele. Alicheka wodini mpaka wagonjwa wa wodi ya pili wakauliza kuna nini. Aliimba akisugua vyombo vya haja. Siku moja alitwanga mahindi ya dukani kwa chupa ya maziwa, anataka muthokoi, chakula cha kwao Ukambani, na Mzee Gurnam akapanda ngazi mbio akidhani dari inaanguka. Akaishia kula sahani mbili. Hivyo ndivyo alivyokuwa Mumbua, watu walipanda ngazi kumgombeza wakashuka wameshiba.

Siku zetu za mapumziko tulikwenda mjini kwenye jumba la picha. Mumbua alikwenda kwa sababu kuingia ni bure na ndani mna joto. Alikuwa na benchi lake karibu na bomba la maji moto. Anavua viatu, anakunja miguu, anasinzia. Akizinduka anauliza, "Umemaliza na watu wako wasio na nguo?" Mimi nami nilianza kwenda kwa ajili ya joto, sikatai. Lakini siku moja niliiona picha fulani, na joto nikalisahau.

Picha yenyewe haizidi sinia. Mama amempakata mtoto, jambo ambalo Waitalia wa zamani walilichora mpaka basi. Ila ukitazama juu ya bega la kushoto la yule mama utaona maji, na katikati ya maji kuna kisiwa. Kina nyumba moja na mti mmoja, na mlangoni amesimama mtu mdogo kama punje ya mtama. Mchoraji angeweza kuacha maji matupu, hakuna ambaye angemlaumu. Kwa nini akamweka mtu pale? Mlinzi wa chumba kile, mzee mmoja mwenye masharubu, aliniambia kwamba karibu na Venisi vipo visiwa vidogo vya namna hiyo mpaka leo, na watu wanaishi humo.

Basi nikapatwa. Niliazima vitabu maktaba, nikajua majina ya wachoraji na miji yao, nani alichora kwa rangi ya kukorogwa kwa yai na nani kwa rangi ya mafuta. Nilikitaka kisiwa kile. Sikutaka kukisoma, nilitaka kusimama pale mlangoni niangalie huku. Nilimwambia hivyo Mumbua kwenye benchi lake, akaitikia akasinzia tena.

Januari ya mwaka wa 1974 akaletwa wodini kwetu Miss Pargeter, mwalimu mstaafu aliyefundisha kuchora miaka mingi shule moja ya Kingstanding. Alivunjika nyonga kwenye barafu. Mumbua alimwosha na kumchekesha. Mimi nilimgeuza kitandani na kuzungumza naye picha. Mara nyingine sista wa wodi alilazimika kuniita mara tatu. Miss Pargeter alitoka kwa magongo, na mwezi wa Juni akanialika chai kwake.

Alikuwa amepanga kila kitu kichwani. Septemba angekwenda Italia kwa mara ya mwisho, wiki tatu, Florensi kwenye majumba ya picha, halafu Venisi na visiwa vyake. Daktari hakumruhusu kusafiri bila muuguzi. Akaweka kikombe chini, akaniuliza kama ningependa kwenda naye.

Nikasema, "Hapana, Miss Pargeter, siwezi. Ni kubwa mno."

Mtu wa kwetu haniulizi kwa nini nilisema hivyo. Ukimkuta mtu anakula akakukaribisha, unasema umeshiba, hata kama tumbo linanguruma. Anakukaribisha tena, unasema labda kidogo. Mara ya tatu unanawa mikono. Anayekubali mara ya kwanza atatajwa kijiji kizima, na mama yake atatajwa naye. Nami jambo hili lilikuwa kubwa kuliko sahani ya chakula, kwa hiyo hata hapana yangu niliikaza. Nikainamisha macho, nikangoja aniulize mara ya pili.

"Naelewa kabisa, mpenzi," akasema Miss Pargeter. "Nilijua nakuomba jambo zito. Ungependa biskuti nyingine?"

Nikakataa na biskuti. Hata hiyo hakuniuliza tena.

Siku nne nilijipa moyo kwamba ataandika barua. Siku ya tano Mumbua akaingia chumbani meno yote nje, na kofia ya kazi bado kichwani.

"Kemunto! Miss Pargeter ameni-invite Italy! Wiki tatu, wewe! Sista amesha-approve leave."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamuuliza, lini?"

Nikampa hongera. Nilimkumbatia kabisa, na moyoni nina kijiba cha roho. Sikumwambia kwamba niliulizwa kwanza. Ningesemaje? Kwamba nilialikwa nikakataa ili nibembelezwe, na sikubembelezwa? Nikajikaza kisabuni. Lakini alipoanza kufunga sanduku akaniuliza Italia kukoje mwezi wa Septemba, mimi niliyesoma vitabu vyote vile, nilimwambia kuna baridi ya kuua. Nikamchagulia koti lake zito la kijivu, lile la theluji, nikalikunja kwa mikono yangu mwenyewe.

Kadi zilianza kuja wiki ya pili. Mzee Gurnam alipanda nazo ngazi moja moja, amezishika mbele ya macho.

"Sista, hii kadi ya rafiki yako. Mimi hapana soma," alisema. "Lakini yeye nasema jua iko kali sana, na koti yake iko mzito."

Ya kwanza ilitoka Florensi. Mumbua aliandika kwamba jumba la picha la huko ni refu kama korido ya hospitali, na benchi ni chache. Benchi! Nilikaa na kadi ile mkononi hata chai ikapoa. Ya pili ilitoka kisiwa cha nyumba za rangi rangi, ambako bibi vizee wanakaa nje wakifuma vitambaa. Ya tatu ilikuwa na mistari miwili: "Nimekiona kisiwa chako. Kina nyumba moja na mti, na tumekula samaki hapo."

Kisiwa chako. Niliitia kadi ile chini ya soksi kwenye droo. Siku hiyo kazini nilitandika vitanda nikakaza pembe za shuka mpaka mgonjwa mmoja akaniuliza amekosa nini. Nilimchukia Mumbua, nasema wazi. Nilimchukia kwa samaki yule, na zaidi kwa sababu aliandika kwa furaha, bila hila yoyote niliyoweza kuikamata.

Akarudi Oktoba, amenenepa, amenunua kikombe cha kioo cha buluu kwa ajili yangu. Nikakipokea, nikakiweka nyuma ya kopo la majani ya chai. Jumapili ileile tukaenda kwenye ushirika.

Sisi ndugu wa uamsho, Wakenya kumi na watatu hivi, tulikutana Jumapili alasiri kwa Ndugu Bethuel, mwanafunzi wa uhandisi aliyekaa ghorofa ya saba kule Newtown. Desturi yetu tulitoka nayo nyumbani. Jambo likikukaa rohoni humngoji mchungaji. Unasimama unalisema mbele ya wote, hata kama ni sukari ya wodi uliyoitia mfukoni. Uliyemkosea akikusamehe, mnakumbatiana, watu wanaimba. Na anayetoka safari hushukuru mbele ya ushirika. Safari hii Bethuel aliazima mashine ya slaidi chuoni kwake, akatundika shuka ukutani, akafunga mapazia.

Mumbua akaanza. Alikuwa na raha tele.

"Ndugu, huyu hapa ni mtu wa marumaru, wa Florence. Msinitazame hivyo, nilimkuta hana nguo."

Watu wakaangua kicheko.

"Ni wa shaba," nikasema. "Huoni ni mweusi?"

"Haya, wa shaba. Hii nayo, Florence bado, ni church…"

"Hiyo ni Venisi. Maji hayo yametoka wapi?"

Wakacheka kidogo. Akageuza slaidi nyingine, akasema ni picha ya rangi ya mafuta. Nikamwambia ni rangi ya yai. Akamtaja mchoraji, nikamrekebisha jina na karne yake. Safari hii hakuna aliyecheka. Bethuel akakohoa. Nilijua ninachofanya, na ulimi haukutaka kukoma.

Kisha kikatokea kisiwa. Maji, mti mmoja, nyumba moja yenye mlango wazi. Na mlangoni, akiwa amekunja uso kwa jua, alisimama Mumbua mwenyewe na lile koti la kijivu mabegani.

"Miss Pargeter ndiye alipiga hii," akasema kwa upole. "Nilimwambia anipige hapo mlangoni, nikuletee."

Nikasikia sauti yangu ikisema, "Ulisimama pale bila hata kujua unaangalia nini."

Mumbua akasimama kando ya shuka, kisiwa kikamwangukia nusu ya uso. Nilidhani atanijibu, na nilitaka anijibu. Badala yake akaliacha shuka akaja katikati ya zulia, mahali wanaposimama wenye neno.

"Ndugu, niko na neno. Siku Miss Pargeter alipokuja kuniuliza, aliniambia ukweli. Alisema, I asked your friend first, but she said no. Mzungu ukimwambia no, anaandika no. Yeye hana makosa. Lakini mimi si Mzungu. Mimi nimelelewa na mama. Nilijua hiyo hapana ya Kemunto ni ya adabu. Ningemwambia tu, Miss Pargeter, muulize tena. Maneno mawili! Nikasema lini. Kemunto akanipa hongera, na nikaona uso wake, na nikanyamaza. Nimeenda na safari yake na koti alilonifungia. Hilo ndilo neno langu."

Watu wakaanza kuimba taratibu, kama ilivyo desturi. Alijua! Miezi yote ile nilidhani siri ni yangu, na aibu ni yangu, kumbe tulilala nayo sote wawili, kila mmoja kitandani kwake.

Akaja mbele yangu, akapiga magoti, akanishika mikono.

"Dada Kemunto, umenisamehe?"

"Nimekusamehe," nikasema hapo hapo. Ndivyo inavyosemwa. Kumi na mmoja wananitazama, wimbo umeshapanda, mama mmoja kando yangu ameshainuka kutukumbatia. Nikainamisha macho.

Mumbua hakuniachia mikono. Aligeuka akawapungia kichwa wanyamaze, na wimbo ukakatika mstari haujaisha.

"Hiyo ilikuwa ya kwanza," akaniambia polepole. "Sasa nakuuliza mara ya pili. Umenisamehe?"

Nikatazama shuka. Mashine ilikuwa bado inanguruma na kisiwa kiko palepale, na yeye mlangoni. Kijicho kilikuwa kizima, hakijapungua hata chembe. Nilimwonea wivu wa jua lile usoni mwake na wa vumbi la mlangoni kwenye viatu vyake. Nikamwonea wivu hata wa kupata nguvu ya kusimama pale zuliani kabla yangu.

"Bado," nikasema.

Bethuel alifungua mdomo, hakujua aombe au aimbe. Katika ushirika wetu hakuna aliyewahi kujibu hivyo. Mumbua aliitikia kwa kichwa, akakaa sakafuni karibu na miguu yangu, akavua viatu kama kule kwenye jumba la picha.

"Haya," akasema. "Nitauliza tena."

Na Jumapili iliyofuata, kabla hajavua koti, akauliza.