Maharagwe ya Kukhu na Jina la Chef

Jamani, mpaka sasa akili imekataa. Nekesa tumemzika Jumamosi, na leo asubuhi nimekaa na simu mkononi nikingoja ujumbe wake: "Chef, umeamka?"

Wengi mmeuliza kwenye comments kwa nini aliniita Chef, na mnajua kupika kwangu ni kwa kubahatisha. Miaka yote tulicheka tu, tukabadilisha mada. Leo nawaambia.

Miaka ya tisini mimi na yeye tulikuwa tumepanga chumba kimoja mtaa wa Mowlem, Nairobi. Wikendi tulipiga video za harusi, yeye kwenye kamera, mimi Zuhura kwenye taa na waya. Katikati ya wiki boss alituachia ile kamera kubwa ya begani, na hapo Nekesa alitengeneza filamu yake mwenyewe.

Ilikuwa filamu ya mbegu. Mimi nilimcheka sana. Nani atalipa kiingilio aone maharagwe?

Lakini kwao Bungoma majirani walikuwa wameshahamia mbegu za paketi, zile zilizopakwa dawa ya pinki. Nyanya yake pekee, Kukhu, ndiye aliyebaki na maharagwe ya zamani, meusi yenye doa jeupe. Alikuja nayo alipoolewa. Kwenye filamu anasema, "Haya yanaujua udongo huu kuliko watoto wangu walioenda Nairobi." Nekesa aliirudia hiyo sehemu kwenye editing mpaka nikaikariri.

Kijijini hakukuwa na stima, na yeye alitaka kuyapiga picha za karibu, chini ya taa zetu huku Nairobi. Kukhu akampa yote yaliyobaki, kwenye kopo, yamechanganywa na jivu yasiliwe na wadudu. Akamwambia, "Urudishe kabla ya mvua. Baadaye yatakuwa yako, uyatunze kama mimi."

Kopo likawekwa chini ya kitanda.

Sasa mimi, siku hiyo nimetoka kazini njaa imenishika, naona maharagwe yamejaa jivu. Nikadhani jivu la jiko limeyamwagikia. Wallahi hata nilimhurumia kwa uchafu. Nikachambua, yaliyonyauka nikatupa, mengine nikaosha vizuri, nikachanganya na mahindi, nikapika githeri.

Nekesa alikuja akala. Akaongeza! Akaniambia, "Zuhu, leo umejitahidi. Hizi beans umetoa wapi?"

"Si zile za kwa kopo, hapo chini ya bed."

Aliweka sahani chini polepole. Hakunitukana. Alilia mpaka nikatamani anitukane.

Kesho yake alimwaga pipa la taka uani, akapekua maganda ya viazi kwa mikono yake. Alipata mbegu tisa, zile nilizoziona mbovu. Akazipanda kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, akayapanga kwenye korido.

Caretaker wetu, Baba Otis, akaja juu. "Sasa nyinyi wasichana, hii ni ploti ama ni shamba?"

"Ni location, Baba Otis. Tunashoot."

Mzee akaondoka akinung'unika. Lakini tulipokwenda harusi za mbali, tulirudi tukakuta makopo yamemwagiliwa maji.

Mbegu nne ziliota. Tulipovuna, hazikujaa hata kikombe, na mvua ya Kukhu ilikuwa imeshapita.

Tulienda Bungoma pamoja, mvua ya pili ilipokaribia. Siku hiyo kamera nilishika mimi, kwa sababu Nekesa alitaka aonekane akirudisha mbegu. Njia nzima nilikuwa nimejipanga kusema. Kabla sijafungua mdomo, alipiga magoti akasema, "Kukhu, nilizipika. Sikufikiria. Nimebaki na hizi."

Mimi nilikuwa nyuma ya kamera. Nikaendelea kurekodi.

Kukhu aliingia ndani, tukangoja muda mrefu sana. Alipotoka alikuwa na jembe. Kwenye filamu mnaona anapanda peke yake, na Nekesa amesimama pembeni hajui aweke wapi mikono. Tulipoionyesha kwenye social hall, akina mama wa mtaa walilia hapo. Walidhani wanalia kwa sababu ya mbegu.

Nilimuuliza kwa nini alisema vile. "Mimi ni damu, atanisamehe," akajibu. "Wewe angekukumbuka hivyo maisha yake yote, Chef." Ndiyo mara ya kwanza kuniita hivyo.

Kukhu alimsamehe kweli. Ila mbegu hakumpa tena. Alipozeeka zaidi alimkabidhi mke wa binamu yake Nekesa, na Nekesa hakuwahi kulalamika. Kila mwaka alinunua zile za sokoni, akapanda nyuma ya nyumba yake Umoja, akinitumia picha.

Jumamosi kaburini, huko Bungoma, baba mdogo wa Nekesa alisimama na maikrofoni, akasema, "Huyu ndiye msichana wa Nairobi aliyepika mbegu za mama yetu!" Watu wakacheka, kicheko kile cha mazishi. Nafula, binti wa Nekesa, naye akacheka.

Na mimi nilikuwa mstari wa pili. Nikanyamaza tena, na safari hii sikuwa hata na kamera ya kujificha nyuma yake. Nimerudi na aibu ambayo sina pa kuiweka.

Basi familia, na wote mliowahi kuiona ile filamu: ni mimi. Mbegu nilizipika mimi, Zuhura. Nekesa ndiye aliyezitoa kwenye taka. Kama bado zipo, tafadhali mpeni Nafula. Zilikuwa za mama yake.

Neki, nimechelewa, najua. Nimesema sasa. Lala kwenye udongo wenu, dada yangu, lala bila mzigo wangu.

Ni mimi, Chef.