Nilisema Kekele Ni ya Viti

Kosa ni langu, na hakuna aliyenisukuma. Nasema hivyo mapema kwa sababu najijua. Nikiachiwa nafasi nitaanza kumlaumu mtangazaji, simu, wateja wangu, hata umeme ambao siku ile, kwa mara ya kwanza katika juma zima, haukukatika.

Mimi ni mshonaji hapa Kisangani, komine ya Kabondo. Jina langu sitalitaja. Lakini kama ulikuwa unaangalia lile shindano la maswali la Jumamosi mchana, lile la watu wawili kusimama uso kwa uso, kila mmoja na kengele yake mezani, basi sauti yangu unaijua. Watazamaji walikuwa wanapiga simu kutoa maoni, na mimi sikukosa hata Jumamosi moja. Nilikuwa najiita Maman Clarisse. Siyo jina langu, na sina mtoto anayeitwa hivyo.

Nilikuwa na maoni juu ya kila kitu. Yule mwalimu anagonga kengele kabla ya kufikiri. Yule dada amejibu vizuri lakini blauzi imemkaa vibaya mabegani. Mtangazaji anasoma maswali mbiombio kana kwamba anafukuzwa. Nilikuwa nachanganya na Kifaransa, tena kile cha kubana pua, na mtangazaji akanipenda. Akisikia sauti yangu anasema, "Ah, Maman Clarisse, weye haukosekanake!" Wateja waliokuwa wanasubiri nguo zao walikuwa wananipigia makofi. Nilivimba kichwa, nakiri.

Sasa nikuambie juu ya Tonton.

Tonton ni mdogo wa marehemu papa yangu. Papa alikufa maji nikiwa na miaka sita, na Tonton akanichukua akanilea pamoja na binti yake, ambaye hapa nitamwita Nadège. Mimi na Nadège tulilala kitanda kimoja mpaka nilipoolewa. Alikuwa na tabia ya kunivuta shuka usiku kucha halafu asubuhi anakana. Tonton ni mvuvi wa maporomoko, mmoja wa wale wanaosimamisha nguzo ndefu katikati ya maji makali, wanazifunga pamoja, kisha wanatega mitego mikubwa ya kusuka. Kazi hiyo ndiyo iliyonipeleka shule, na Kifaransa changu chote kilitoka katika mitego ile.

Wateja wangu hawakujua hayo. Nilikuwa nimewaambia kwamba papa alikuwa mkubwa wa ofisi bandarini. Ulikuwa uongo wa kujipamba tu, niliomwambia siku moja mama fulani ambaye mume wake anafanya kazi kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka. Baadaye nikashindwa kuurudisha nyuma.

Tonton hakusoma sana, lakini redio haimtoki sikioni. Anasuka mitego, redio iko pembeni, na kila kinachosemwa humo kinabaki kichwani mwake. Miji mikuu ya nchi, majina ya mapapa wa zamani, urefu wa milima. Aliposikia kwamba mshindi wa mwisho wa shindano atapewa tiketi ya ndege ya kwenda Kinshasa na kurudi, akaenda siku hiyohiyo kuandikisha jina lake.

Nadège alikuwa Kinshasa. Aliolewa kule, na sasa figo zilikuwa zimemharibikia, amelazwa hospitali. Tonton alikuwa hajamwona kwa miaka tisa.

Alikuja kwangu na koti la kuazima.

"Mutoto wangu, unipunguzie hii mikono," akaniambia. "Sitaki banichekelee kule. Miye naenda kwa sababu ya Nadège tu."

"Utashinda, Tonton."

"Utaniangalia?"

"Nitakuangalia."

Nilipunguza ile mikono, nikaipiga pasi mara mbili. Koti lilimkaa vizuri, akajigeuza mbele ya kioo changu akicheka mwenyewe.

Jumamosi ya kwanza akamshinda mwalimu wa sekondari. Ya pili akamshinda nesi ambaye sisi sote tulidhani atabeba tiketi. Mara zote mbili nilipiga simu kutoa maoni kama kawaida, na juu ya Tonton nilisema tu, "Huyo papa anajitahidi." Hayo ndiyo niliyoona ya kusema juu ya mtu aliyenifundisha kuogelea.

Ikafika Jumamosi ya mwisho. Nyumba yangu ya kushonea ilikuwa imejaa wanawake waliokuja kuchukua vitenge vya harusi, na yule mama wa Bangboka alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele. Televisheni ikaonyesha Tonton amesimama na koti lake, na upande wa pili mwanafunzi mmoja wa sheria mwenye miwani. Tonton akasalimia watazamaji kwa Kiswahili cha kwetu, kwa sauti kubwa, jinsi mtu wa maporomoko anavyozoea kusema ili asikike juu ya maji.

"Lakini huyu papa balimutoa wapi?" akasema mama wa Bangboka. "Ndani ya mutumbwi?"

Wakacheka. Mimi pia nilicheka, nikiwa nimeinamia cherehani yangu. Sikusema, huyo ni wangu. Ningeweza kusema hapo hapo na yote haya yasingetokea.

Walikwenda sawa kwa sawa, kengele hii, kengele ile. Katikati nikapiga simu, maana nilikuwa na maoni kwamba mwanafunzi anapewa maswali mepesi. Hilo angalau lilikuwa la kumtetea Tonton. Wakaniambia ningoje kwenye laini. Likabaki swali moja, na wote wawili walikuwa wamefungana.

Mtangazaji akasoma, "Nguzo za wavuvi wa maporomoko yetu zinafungwa kwa kitu gani?"

Nikasema moyoni, Mungu amemletea Tonton tiketi mpaka mlangoni. Tonton akagonga kengele kwanza.

"Kekele," akasema.

Kekele ni mmea wa msituni unaotambaa na kupanda miti. Unakatwa, unapasuliwa, unaloanishwa, na ukishafunga nao kitu hakifunguki. Hapa mjini watu wengi wanaujua kwa sababu ya viti vya kusuka vinavyouzwa barabarani.

Mtangazaji akaangalia karatasi yake. Ni kijana aliyekuja kutoka mbali, maporomoko ameyaona kwenye picha. "Hapa wameandika liane," akasema. Liane, kwa Kifaransa, ni mmea wowote wa kutambaa wa msituni. Waamuzi wakaanza kunong'onezana. "Papa, kekele haiko ile ya kutengeneza viti?"

"Njo ile ile, monsieur," Tonton akajibu, bila wasiwasi. "Kekele ni liane. Miye nafunga nayo tangu niko mutoto."

Waamuzi hawakuafikiana. Mtangazaji akageukia kamera. "Bon, alors, tuulize watazamaji. Nani iko kwa simu? Ah, Maman Clarisse! Maoni yako ni gani? Kekele, tukubali ao tukatae?"

Wanawake wote wakageuka kuniangalia, simu iko sikioni mwangu. Neno lililotakiwa lilikuwa moja tu, kubalini. Lakini nikawaza, nikisema hivyo wataniuliza nimejua vipi. Binti wa mkubwa wa bandari anajuaje nguzo za wavuvi zinafungwa kwa nini? Mimi niliyebeba mafungu ya kekele kichwani toka nina miaka minane, shingo inachubuka, Nadège yuko nyuma yangu analia kwamba fungu lake ni zito.

"Non, monsieur," nikasema, na pua nikaibana vizuri. "Kekele ni ya viti. Pour les pêcheurs, kwa wavuvi, on dit liane. Kekele ni maneno ya kijijini."

Wakanipigia makofi. Kwenye televisheni waamuzi wakatikisa vichwa, wakampa nafasi mwanafunzi, naye akasema "liane" kwa sababu alikuwa ameshaisikia. Ikaisha. Tonton hakubisha. Alivua kile kipaza sauti kidogo walichombandika kifuani, akakunja waya wake taratibu, akawapa kwa mikono miwili.

Siku zile za kwanza nilijipoza. Nilijiambia maoni yangu ni maoni tu, waamuzi ndio waliokata. Nilijiambia Nadège atapona, na Tonton atakwenda wakati mwingine. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno, na mimi maneno ndiyo niliyokuwa nayo mengi.

Tonton hakungoja wakati mwingine. Alipanda baleinière, mashua ya mizigo, ile ya watu kulala juu ya magunia, na miguu yake ile inayovimba. Alikuwa amemkaushia Nadège kikapu cha samaki, kwa sababu Nadège alikuwa analalamika kwamba samaki wa Kinshasa hawana ladha. Nilimsindikiza mpaka majini. Akanishukuru kwa koti.

Wakati wanapita Lisala mashua ilikwama kwenye mchanga, ikakaa siku nyingi. Nadège alifariki wakati huo. Mume wake alinipigia simu mimi, nikampigia Tonton, haikupatikana. Tulipiga wote, asubuhi na jioni, haikupatikana. Hawakuweza kuuweka mwili zaidi, wakazika.

Mkwe wake, mume wa Nadège, alikwenda kumpokea Tonton bandarini. Aliniambia kwamba mzee alishuka na kile kikapu kichwani, akakataa kusaidiwa, akauliza, "Nadège iko nyumbani ao ingali kwa hospitali?" Mkwe akamshika mkono. Tonton akaweka kikapu chini.

Tangu Jumamosi ile Nadège aliishi siku kumi na tisa. Ndege inafika Kinshasa siku ileile unayopanda. Angemkuta anaongea. Angemlisha kwa mkono wake. Nimehesabu hizo siku mara nyingi kuliko nilivyowahi kusali rozari, na kila mara zinabaki kumi na tisa.

Nadège wangu. Sikumzika mimi, na sikumwacha baba yake amzike.

Niliacha kupiga simu. Televisheni niliitoa. Wateja wakauliza Maman Clarisse yuko wapi, nikawaambia amehama.

Tonton aliporudi, ilinichukua majuma kadhaa kupata miguu ya kumwendea. Jumapili moja baada ya misa nikaenda nimeshajipanga, nimeyarudia maneno njiani mpaka watu wakadhani naongea peke yangu. Nilitaka kumwambia yote, jina la uongo, wateja, papa wa bandarini. Nilitaka anipige ikibidi.

Nilimkuta ukingoni na mvuvi mwenzake mmoja, wanatengeneza nguzo zilizolegea. Alikonda sana. Akanipangusia jiwe nikae, na kabla sijafungua mdomo akaanza yeye.

"Siku ile ya televisheni, nilisikia sauti yako."

Nikakaa juu ya lile jiwe.

"Nilifurahi," akasema. "Walisema Maman Clarisse, mais ulipofungua kinywa tu nikajua ni mutoto wangu. Nikasema, bon, amefika, nimeokoka." Akasugua goti. "Kisha ukasema haiko kekele. Ingekuwa mutu mwingine ningebisha, mutu ananifundisha miye kazi yangu? Lakini weye ulisoma. Na weye hauwezi kunidanganya. Donc nikaelewa, ni miye nilikosa. Miaka yote hii nilikuwa naiita mubaya."

Nilisema, "Tonton..."

Yeye akageukia nguzo, akanyoosha mkono kwa mwenzake. "Niletee ile liane."

Alitamka polepole, liani. Mwenzake akacheka. "Liane gani, muzee? Sema kekele, nikuelewe."

"Njo vile inaitwa," Tonton akasema, akanionyesha kwa kidevu. "Umuulize huyu. Huyu alisoma."

Yule mvuvi akaniangalia, anangoja niseme. Hapakuwa na kamera, hapakuwa na mteja, tulikuwa sisi watatu na maji. Nilishika ncha ya kekele Tonton akifunga, nikaivuta aliponiambia nivute. Alipomaliza nikaaga, nikarudi nyumbani.

Ndiyo maana nimekuandikia wewe usiyenijua. Wewe unayependa kutoa maoni juu ya watu waliosimama mbele ya wengine, mimi nilikuwa bingwa wenu, nisikilize. Siku mtu wako akisimama pale na koti lake la kuazima, sema ni wako, waache wacheke. Usimkane hata kwa neno moja dogo. Mtu asiyekuamini atakubishia, na pengine ataokoka. Anayekupenda ataamini kwamba yeye ndiye aliyekosea, na ataishi hivyo.

Tonton yangu anaishi hivyo. Na mimi bado sijamwambia.