Kuku Mmoja, Komeo Moja, Siku Nne

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Dobi amesimama hatua tano kutoka banda la kuku, na hasogei. Mikono ameikunja kifuani. Mbele yake mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi, ameketi kwenye kiti cha plastiki akihangaika kufungua mlango wa banda.

Komeo lenyewe ni kipande cha mbao cha kusukuma. Tatizo ni kwamba bawaba imelegea: mkono mmoja lazima uunyanyue mlango, wa pili usukume komeo. Wa kushoto unanyanyua vizuri. Wa kulia unagusa komeo, vidole vinateleza, kisha unaanguka pajani kama mkono wa mtu mwingine.

Ndani, kuku analalamika.

"Usinitazame hivyo," anasema Fundi. Maneno yanatoka polepole, nusu yameliwa.

"Sasa nitazame nini, baba? Televisheni tuliuza."

Fundi anacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Anajaribu tena. Anashindwa tena.

Mama Dobi angeweza kulifungua kwa sekunde moja. Lakini tangu Jumamosi iliyopita amejipiga marufuku kumgusa kuku huyo, banda lake, chombo chake cha maji na hata kukanyaga kinyesi chake. Sababu ni kuku kumi na wawili waliofukiwa nyuma ya choo.

Mama huyu wa miaka hamsini na miwili hufua kwa mkono mashuka arobaini kwa siku, ya nyumba mbili za wageni. Ujira huo hulipa kodi ya nyumba na unga, basi. Dawa za presha za Fundi zilikuwa zikitoka kwenye mayai: trei nne kwa wiki, kutoka kwa kuku thelathini na watatu.

Fundi alikuwa seremala. Banda alilijenga mwenyewe, mwaka mmoja kabla ya kiharusi kumwangusha kazini akiwa na msumeno mkononi. Mlango ni ubao wa kichwani wa kitanda ambacho mteja hakurudi kukichukua. Una maua yaliyochongwa.

Mwanzoni mwa mwaka ugonjwa uliingia. Kuku waliinamisha vichwa, vilemba vikapauka, wakaharisha kijani. Kwa siku kumi na tatu walikufa thelathini na wawili. Mmoja aliugua siku mbili, akasimama, akala.

"Nikasema huyo ni chuma," anakumbuka jirani yao, Mama Mapacha, akiwa ameegemea ukuta unaotenganisha nyua zao. "Huyo ndiye wa kuanzia mbegu. Jina la Bi Mkubwa nilimpa mimi."

Bi Mkubwa alipobaki peke yake alihamia miguuni pa Fundi. Hapo ndipo kikatokea kitu ambacho hospitali ilikuwa imekitafuta kwa mwaka na nusu. Muuguzi alikuwa amempa Fundi mpira wa kuminya, naye akausukumia uvunguni. "Mimi si mtoto," alisema. Lakini kuku alipomkodolea macho, Fundi alianza kumsogezea mahindi kwa kiganja cha kulia. Baadaye kwa vidole viwili. Sasa anaokota punje moja moja.

"Mpira ulishindwa, muuguzi akashindwa, na mimi nikashindwa," anasema Mama Dobi. "Kuku akaweza."

Alipokusanya akiba kidogo alinunua mitetea kumi na wawili. Walifika wamefungwa wanne wanne. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," Mama Mapacha alitania. Mama Dobi alizikata kamba na kuwaingiza bandani moja kwa moja, kosa ambalo anasema hatalirudia maishani.

Kabla ya nusu saa kupita, mmoja alikuwa anatoka damu kichwani. Bi Mkubwa alisimama kwenye chombo cha chakula kama mama mkwe kwenye sufuria, na aliyesogea alidonolewa.

Fundi aliagiza, mkewe akapigilia. Waligawanya banda kwa wavu, upande wa wageni wakatandaza maranda mapya, kila upande ukawa na maji yake. Kwa wiki mbili kuku walionana bila kufikiana. Kisha Mama Dobi aliuondoa wavu. Aliweka vyombo viwili vya chakula, akaning'iniza kabichi katikati ili kila mdomo uwe na kazi, na giza lilipoingia akawapandisha wageni kwenye kijiti cha kulalia ili waamke pamoja na mwenyeji.

Siku ya tatu wote walikuwa kwenye kijiti kimoja, Bi Mkubwa katikati.

"Nilijisifu, usiniulize. Nikamwita Mama Mapacha, njoo uone wake wenza waliopatana."

Siku ya tisa, mtetea mmoja aliinamisha kichwa. Siku ya kumi na saba hakuwa amebaki hata mmoja, isipokuwa Bi Mkubwa.

"Walipokuwa wanapigana walikuwa wazima," anasema Mama Dobi. "Walipopatana ndipo wakafa."

Bibi mifugo, msichana anayezunguka na pikipiki, alifika hakuna tena wa kutibu. Alimtoboa Bi Mkubwa chini ya ubawa, akadondosha tone la damu kwenye kigae cheupe, akalichanganya na dawa ya zambarau. Kwa muda wa kuhesabu mpaka mia moja, likaganda vipande vipande. Homa ya matumbo ya kuku.

"Kupona kwake hakumaanishi ugonjwa umetoka," aliwaambia. "Anakula, anataga, lakini uko kwenye kinyesi chake na kwenye mayai yake. Mchinjeni, mumfukie. Msimle."

Mama Dobi alisema sawa. Fundi alisema hapana, na mkewe anaapa hajawahi kumsikia akitamka neno vizuri namna hiyo tangu aanguke.

Walibishana siku mbili. "Nikamuuliza, baba, unataka kuku au dawa zako? Akaniambia, nataka mkono wangu."

Dawa zenyewe sasa ni za kuruka. Fundi anakunywa kidonge leo, kesho anapumzika. Daktari hajaambiwa.

Mpango uliobaki, ambao bibi mifugo aliukubali kwa shingo upande, ni nyumba mbili na watu wawili. Mitetea sita wanakuja Jumamosi. Watakaa jikoni, upande wa pili wa nyumba, palipopakwa chokaa. Mama Dobi atapikia nje. Atakayewahudumia ni yeye peke yake, kwa ndala nyekundu zisizotoka mlangoni humo. Bi Mkubwa atakuwa wa Fundi kwa kila kitu: kufungua, kulisha, kunywesha, kufagia kwa ufagio wa mpini mrefu, kufukia mayai, kunawa kwa sabuni. Siku atakapokufa, banda litasuguliwa na kukaa tupu miezi mitatu, ndipo wageni wahamie.

Fundi anamudu vyote, isipokuwa mlango. Kwa sasa anayefungua ni Mama Mapacha, ambaye hafugi. "Lakini na mimi nina wangu nyumbani," anasema. "Siwezi kuwa mke wa tatu hapa." Ameshauri bawaba itengenezwe, ifungwe kamba, yaishe.

Fundi hataki mtu aguse mlango wake. Mkewe naye hataki, kwa sababu nyingine.

"Leo tumrahisishie komeo, kesho ufagio, keshokutwa ndoo," anasema. "Asipoweza hilo, mimi ndiye nitakayemalizia kila kitu, nitoke huko niingie jikoni na miguu hiyohiyo. Wengine sita nitawafukia wapi? Akifungua mwenyewe, kuku anaishi. Asipofungua, Ijumaa jioni kisu nakishika mimi. Anajua."

Fundi, aliyesikia kila neno, anatikisa kichwa kukubali.

Akipata trei moja kwa wiki, anasema Mama Dobi, kidonge kitarudi kuwa cha kila siku. Hana ndoto kubwa zaidi ya hiyo, na hapendi kuulizwa.

Leo ni Jumanne. Komeo limesogea upana wa kidole, likakwama. Kwenye upenyo umetokea mdomo wa Bi Mkubwa, unadonoa ua la mbao.

"Mashuka yananisubiri," anasema Mama Dobi.

"Si uende."

"Naenda."

Haendi. Fundi anaunyanyua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, anaulaza juu ya komeo kama mtu anayeweka patasi mahali pake, kisha anarudisha wa kushoto mlangoni. Anasukuma tena.